Nuru na Usingizi

Nuru ni haki ya macho, na giza ni haki ya usingizi. Msomaji wa usiku husimama baina ya haki hizo mbili, na kila aitimizapo moja kupita kiasi huidhulumu ya pili. Zamani za kibatari mwamuzi alikuwa mafuta: yalipokwisha, kitabu kilifungwa, msomaji apende asipende. Kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki kimemwondoa mwamuzi huyo, kwani chaji moja huweza kudumu majuma kadhaa.

Kurasa za kifaa hiki hazikuumbwa kuwaka. Ndani yake mna chembe nyeusi na nyeupe ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha mpaka zikawa herufi, nazo husomwa kwa nuru iziangukiayo, kama karatasi. Kindle ya kwanza, ya mwaka 2007, haikuwa na taa, gizani haikusomeka. Paperwhite ya mwaka 2012 ilitiwa taa ndogo ukingoni zimwagazo nuru juu ya ukurasa, na Kobo Aura One ya mwaka 2016 ikaja na nuru igeukayo kutoka weupe kwenda manjano.

Macho hayadai mengi. Hutaabishwa na ukurasa ung'aao katika chumba cheusi, na herufi ndogo, na kukodoa kwa muda mrefu pasipo kupepesa, hata yakakauka. Basi taa hafifu na iwashwe chumbani, mwangaza wa ukurasa upunguzwe mpaka ulingane nayo, herufi zikuzwe, na mara kwa mara mtazamo uelekezwe mbali.

Usingizi hudai zaidi. Nuru yenye buluu nyingi huuarifu ubongo kuwa kungali mchana, na homoni ya melatonini huchelewa. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2014, watu 12 walisoma saa nne kabla ya kulala, jioni tano mfululizo. Walipotumia kompyuta kibao yenye mwangaza kamili, walikawia kusinzia dakika 10 hivi kuliko walipotumia kitabu cha karatasi. Nuru ya manjano iliyofifizwa ni afadhali, lakini si dawa ya kukesha.

Hapa ndipo wengi wajidanganyapo. Hudhani kuwa ukurasa ukiwa mpole, saa hazihesabiwi. Mwanafunzi akeshaye katika nuru laini huamka na macho mazima na akili iliyochoka. Ameokoa dirisha, ameuza nyumba. Kifaa chaweza kupunguza nuru, kukuza herufi na kubadili rangi. Hakiwezi kusema yatosha. Kazi ya mafuta ya kibatari sasa ni ya msomaji mwenyewe, na akishindwa kuifanya, hakuna taa itakayomfaa.