Siku Nne katika Hoteli ya Ukingo wa Nile



Mtu anayepanda ngazi kutoka kituo cha reli ya chini ya ardhi cha Sadat, katikati ya Kiwanja cha Tahrir mjini Kairo, akaelekeza uso wake magharibi, hukutana na jengo pana lililosimama kama ubao, roshani juu ya roshani, mstari juu ya mstari. Halina kuba wala tao. Mnara hauna, na nguzo za mapambo hazina nafasi. Ukuta wake wa upande wa mjini una nakshi za maandishi ya Mafirauni, na zaidi ya hapo ni zege, vioo na mistari iliyonyooka. Watoto wa leo hawalishangai, kwani majengo ya namna hiyo wameyaona kila mji. Lakini lilipofunguliwa, Kairo haikuwa na mfano wake.

Ardhi yenyewe ina habari ndefu. Hapo ndipo palipokuwa na kambi ya Qasr al-Nil, ambamo askari wa Kiingereza walikaa baada ya kuivamia Misri mwaka 1882, hadi walipoihama mwaka 1947. Kambi ikabomolewa. Kisha, Januari 1952, moto ulioteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji uliila hoteli mashuhuri ya Shepheard's, iliyokuwa kituo cha wageni wa Kizungu tangu karne iliyotangulia. Mji mkubwa kama ule ukahitaji hoteli mpya, na mahali palipochaguliwa ni palepale walipokuwa wakipiga gwaride askari wa mkoloni.

Mchoro ulitoka kwa Welton Becket, msanifu majengo wa Los Angeles, ambaye ofisi yake ndiyo iliyochora pia mnara wa mviringo wa Capitol Records kule Hollywood. Mwenye mali alikuwa dola ya Misri. Mwendeshaji alikuwa kampuni ya Conrad Hilton, bwana ambaye hakuficha kwamba hoteli zake za ng'ambo alizihesabu kuwa sehemu ya mapambano dhidi ya ukomunisti. Tarehe 22 Februari 1959 hoteli ikafunguliwa rasmi na Gamal Abdel Nasser, na aliyesimama pembeni yake ni Tito wa Yugoslavia, mkomunisti! Msomaji anaweza kujiuliza nani alimtumia nani. Mimi naona Nasser ndiye aliyetoka na faida: fedha ya kigeni ikaingia, na pahala palipokuwa pa bendera ya Uingereza pakawa pa karamu za wakuu wa nchi zilizojikomboa.

Hoteli hiyo iliitwa Nile Hilton kwa takriban miaka 50. Halafu Hilton wakaondoka, jengo likafungwa kwa ukarabati, na likafunguliwa tena mwaka 2015 likiitwa The Nile Ritz-Carlton. Katika miaka ile ya kufungwa ndipo mapinduzi ya 2011 yalipotokea, mlangoni pake hasa. Jirani yake wa kaskazini, jengo la makao makuu ya chama kilichotawala, lilichomwa moto tarehe 28 Januari 2011 na kubomolewa mwaka 2015. Nalo lilikuwa la zama zilezile za usanifu. Jengo moja lilipakwa rangi na kutiwa marumaru, na la pili leo ni kiwanja kitupu.

Tulikuwa watu wanne: mimi, watoto wangu wawili, na ami yangu mwenye umri wa miaka 83, anayeishi Maskati. Sisi tulitoka Uingereza, yeye akatoka Omani, tukakutana uwanja wa ndege. Hoteli aliichagua yeye mwenyewe na hakutaka kusikia ya nyingine. Bei yake, niseme wazi, si ya watu wa mishahara kama yetu. Tulichanga ndugu watano. Nilipomweleza kwamba jina la Hilton halipo tena, alijibu, "Mimi sitalala ndani ya jina."

Ndani, mgeni asitarajie kuikuta samani ya mwaka 1959. Ukumbi wa mapokezi ni mpya kwa karibu kila kitu, mazulia mazito, taa nyingi, maua marefu kuliko mtoto wangu mdogo. Kwa ladha yangu pamezidishwa. Ukarabati wa siku hizi unaogopa uwazi. Ukiona ukuta mtupu unautundikia kitu, ilhali ule uwazi ndio uliokuwa fahari ya wasanifu wa wakati huo. Kile ambacho fedha haikuweza kukibadilisha, na alhamdulillahi, ni umbo. Jengo ni jembamba kwa upana wake, kwa hiyo vyumba vya upande mmoja vinatazama mto na vya upande wa pili vinatazama Tahrir na Jumba la Makumbusho, na hewa ipo. Roshani ni roshani kweli, ya kuweka viti viwili na meza ya chai, si ile ya kupanga sufuria za maua tu. Alasiri upepo wa mto ulipoanza, ami alikataa kiyoyozi. Tulikaa nje mpaka adhana ya magharibi, ikasikika kutoka misikiti mingi isiyopatana kwa sekunde, kila mmoja ukimwitikia mwenzake ng'ambo ya maji.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kama wazee wetu wanavyojua, vijana wengi wa Unguja walikwenda kusoma Misri kwa ufadhili wa serikali ya Nasser. Radio Kairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na nyumbani ilisikilizwa kwa masikio yote mawili. Ami alifika mwaka 1960, kijana wa miaka 18. Hoteli ilikuwa ya mwaka mmoja. Yeye na wenzake walizoea kuja jioni kutazama magari yanavyoingia na kutoka. Ndani hakuwahi kutia mguu. Mwanafunzi wa kanzu moja na suruali mbili angeingia kufanya nini?

Alikuwepo pia Septemba 1970, wafalme na marais wa Kiarabu walipokutana ndani ya hoteli hiyo kuzima vita vya Jordan. Tarehe 27 Mfalme Hussein na Yasser Arafat walitia saini mapatano, na siku ya pili yake, baada ya kumsindikiza Amiri wa Kuwait uwanja wa ndege, Nasser alifariki. Jeneza lilipovushwa daraja la Qasr al-Nil tarehe 1 Oktoba, ami alikuwa katika umati ule wa mamilioni. Kutoka roshani yetu daraja lilionekana lote, na alituonyesha kwa fimbo mahali aliposimama, na mahali kiatu chake kimoja kilipopotea. Watoto walicheka, naye akacheka.

Hayo tulikuwa tunayajua. Tusilolijua alitueleza usiku wa tatu, pale binti yangu alipomuuliza kwa nini, masomo yalipokwisha, hakurudi Unguja. Swali hilo sisi wakubwa hatukuwahi kulithubutu; tulidhani jibu ni Mapinduzi ya Januari 1964 na basi. Akanyamaza kitambo, kisha akanyoosha fimbo chini, kwenye ukuta mfupi wa barabara ya ukingo wa mto. Akasema kwamba mwezi wa Machi 1964 baharia mmoja wa Mombasa alimletea barua ya babu yetu. Chumbani kwao hapakuwa na umeme usiku ule, na hakuweza kungoja asubuhi. Akatembea hadi hapa, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa na taa nyingi kuliko pote mjini, akakaa juu ya ukuta ule, akaisoma kwa mwanga wa hoteli. Barua ilikuwa na mistari sita. Watu wa nyumbani walio hai, walio jela, na mwisho: "Usirudi mpaka nikuite."

Babu yetu alifariki mwaka 1966. Hakumwita.

Ami alibaki Kairo hadi 1971, ndipo akenda Omani kama wengi walivyokwenda baada ya Sultan Qaboos kushika nchi. Marehemu baba yangu alikufa akiamini kwamba kaka yake aliupuuza ukoo kwa ajili ya raha za Misri. Nimeyaandika haya kwa idhini ya ami, ili ndugu zetu walio Dubai, Toronto na Dar es Salaam wanaopata jarida hili wayasome kutoka kwake na si kwa kupokezana simu.

Baadhi yenu mtauliza mambo ya manufaa. Hoteli, kama zote za daraja hilo, inauza pombe. Mwenye familia atajua akae ukumbi upi. Msikiti wa Omar Makram uko kiwanjani, mwendo wa dakika chache hata kwa mzee mwenye fimbo. Reli ya chini ya ardhi ni rahisi na ina mabehewa ya wanawake. Jumba la Makumbusho la kiwanjani, la mwaka 1902, bado linafaa kutembelewa, lakini maiti za wafalme zilihamishiwa Fustat tarehe 3 Aprili 2021, na hazina ya Tutankhamun imo katika jumba jipya la Giza lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Giza itengeeni siku nzima. Asiye na uwezo wa kulala hotelini, na wengi hatuna, anaweza kunywa chai tu na kutazama.

Tulipokuwa tukinywa hiyo chai, ami alinitajia Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam, ya miaka hiyohiyo ya 1960, iliyotazama bandari kama hii inavyotazama mto. Nayo ilichakaa, ikafungwa, ikakarabatiwa, ikapewa jina la kampuni ya kigeni. Aliniuliza kama roshani zake zingalipo. Nilimwambia twende pamoja akatazame mwenyewe, na kutoka Dar hadi Unguja ni boti ya saa mbili tu. Hakujibu. Lakini asubuhi, tulipokuwa tukingoja teksi ya uwanja wa ndege, alimuuliza binti yangu shule hufungwa lini.