Chembe Zilizokula Nyonga

Zamani, Kakamega ikisikika kwamba fulani "amewekwa chuma", mawazo yetu yote yalikuwa kwenye chuma. Hakuna aliyeuliza habari za mfupa.

Binamu yangu aliharibiwa nyonga na selimundu, ugonjwa unaotuandama sana huku magharibi. Damu iliziba, kichwa cha mfupa wa paja kikafa akiwa kijana bado. Alipobadilishiwa nyonga, shangazi alimchinjia jogoo. Kliniki walimwambia arudi akisikia maumivu. Hakusikia. Alipanda bodaboda, akawa haachi kwenda Khayega kutazama mafahali wakipigana.

Miaka ilipita hivyo, mpaka paja likaanza kumuuma kila alipoinuka kitini. Picha ilionyesha chuma kizima kikilegea ndani ya mfupa uliokwisha kuliwa. Wazee wakasema mwili umekataa chuma. Siwalaumu: mpaka miaka ya 1980 madaktari wenyewe waliishtaki simenti inayoshika chuma.

Lililotokea ni hili. Kichwa cha chuma huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki, na kila hatua hukwangua chembe, nyingi zisizofika hata maikromita moja. Makrofaji, seli za kinga, huzimeza kama zinavyomeza bakteria, ila plastiki haimeng'enyeki. Hapo hutoa kemikali za uvimbe zinazoamsha osteoklasti, seli zinazokula mfupa, na kuwazuia wajenzi, osteoblasti. Ulaji unaendelea, ujenzi unadorora, na mwenyewe hahisi kitu. Kijana ndiye huumia zaidi, maana ana miaka mingi ya kutembea.

Onyo lilikuwapo mapema. John Charnley wa Uingereza alianza na vikombe vya Teflon, vikasagika kwa miaka michache na kuharibu nyonga za wagonjwa wake. Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu zaidi, poliethilini. Ile iliyoimarishwa kwa mionzi, ambayo husagika kidogo sana, ilienea tangu mwisho wa miaka ya 1990.

Kinachoniuma ni kwamba mashine ya eksirei ilikuwa papa hapa mjini muda wote huo. Kubadilishiwa nyonga hiyo mara ya pili kulidai mfupa wa kupandikizwa na chuma kirefu zaidi, na mguu ukabaki mfupi. Siku hizi binamu hupigwa picha kila mwaka hata akiwa mzima kabisa. Natamani angeanza kupigwa wakati mfupa ungali mwingi.