Nilivyojiandaa kwa Usaili nikiwa Matamba

Nimelelewa na bibi yangu hapa Matamba, wilayani Makete. Wazazi wangu wote wawili walifariki miaka ile UKIMWI ulipopita karibu kila nyumba ya wilaya yetu, mimi sijaanza hata shule. Bibi akanisomesha kwa viazi na pareto, na nilipofika chuo kikuu nikapata mkopo wa serikali. Mwaka 2017 nikahitimu ualimu wa Kiswahili na Historia.

Enzi hizo mwalimu hakusailiwa. Ulituma maombi TAMISEMI, ukasubiri majina yatoke. Yalitoka, langu halikuwemo, mwaka baada ya mwaka. Nilivuna viazi vya watu kwa kibarua, nikashona magunia, na asubuhi nikawa nakwenda kujitolea kufundisha kwenye sekondari ya kata. Wazazi wa wanafunzi walichanga posho kidogo. Kuna waliosema nafanya kazi ya bure. Namshukuru Mungu sikuwasikiliza, kwa sababu mwaka 2024 nafasi za walimu zilipotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na tukaambiwa tutasailiwa, chaki ilikuwa bado mkononi mwangu.

Kilichonitesa kwanza kilikuwa karatasi. Tangazo la usaili halina huruma na karatasi: vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, mpaka cha chuo. Mimi cheti cha kuzaliwa nilikipata ukubwani. Sisi tuliobaki yatima wadogo, nani angetushughulikia? Bibi ndiye aliyekwenda nami Iwawa, makao makuu ya wilaya, amefunga cheti changu cha ubatizo kwenye kanga, ili athibitishe nilizaliwa lini na nani. Cheti kikatoka, lakini jina la baba lilikuwa na herufi moja zaidi ya lile la kidato cha nne. Herufi moja! Ikabidi nitafute wakili, niape, kiapo kisajiliwe, ndipo nikiambatishe. Pesa ya mbegu ya msimu mzima ikaishia hapo, na bibi hakunung'unika hata mara moja.

Kusoma hakukunisumbua sana. Mtaala ulioboreshwa ulikuwa umeanza kutumika Januari 2024, nikaupitia pamoja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Azimio la kazi na andalio la somo nilikuwa nayaandika kila wiki.

Kazi ilikuwa kusema. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri akiongea na mkubwa hutazama chini. Nimekua hivyo, na mbele ya watu wazima waliokaa mezani sauti yangu ilikuwa inakatika. Nikawaomba wenzangu wawili wahitimu tusailiane jioni. Bibi akatusikia, akavuta kigoda akakaa mbele yangu kama mwenyekiti wa jopo.

"Niangalie, mama," akasema. "Haya, nieleze unachofundisha."

Nikaanza kueleza Vita vya Majimaji. Akanikatiza katikati. "Hapo umekariri. Rudia, niambie kama unavyowaambia wale watoto." Nikarudia. Akanikatiza tena. Bibi aliishia darasa la nne, na sijawahi kupata mkaguzi mkali kama yeye. Tulifanya hivyo jioni nyingi, baridi ya Matamba ikituuma, mpaka nikaweza kumtazama machoni na kumaliza sentensi bila kushusha uso.

Usaili ulifanyika mikoani mwanzoni mwa 2025, masika yamekolea huku juu, maua ya Kitulo yamechanua. Nilishuka barabara ya kona Hamsini na Saba kwenye ukungu hadi Chimala, nikapanda basi la Makambako, kisha Njombe mjini. Kila msailiwa anajigharamia nauli, chakula na malazi, kwa hiyo nililala kwa muumini mwenzetu ambaye sikuwa namjua kabla ya siku ile. Nikavuka mchujo wa maandishi. Kwenye mahojiano niliulizwa ningefanyaje na darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Nikawaeleza ninavyofanya darasani kwangu, nikiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Mwaka huohuo jina langu likatoka kwenye tangazo la kuitwa kazini. Nimepangiwa mkoa wa Rukwa.

Wengi niliosailiwa nao hawakupata nafasi, na wapo waliokuwa na alama nzuri za chuo kuliko mimi. Kwenu ninyi ndugu zangu mnaosubiri, nawaomba: leo hii weka cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne mezani, soma majina herufi kwa herufi. Kisha mtafute mtu mzima mmoja nyumbani, akae mbele yako, umweleze kazi yako.