Maji Matamu Chini ya Mchanga wa Shela

Anayetoka mji wa Amu kwenda Shela kwa miguu, akifuata ufuo, hukuta nyuma ya nyumba vilima vya mchanga vilivyotanda hadi mbali. Mgeni huvidhania kuwa pambo la pwani, kumbe ndivyo ghala la maji. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga huinywa. Maji yakashuka, yakatua juu ya maji ya chumvi, kwani maji matamu ni mepesi zaidi. Visima vya hapo ndivyo viunyweshavyo mji wa Amu. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Na vilima vikijengwa, mvua hukosa pa kushukia na uchafu wa vyoo hupata njia.

Tukipanda mashua maji yakijaa, tukapita Mkanda hadi Mtangawanda, kisiwani Pate, hali ni nyingine. Huko visima vingi vina chumvi, na wazee walitegemea jabia: uwanja uliosakafiwa kwa mteremko, unaoongoza mvua hadi kwenye birika. Serikali imekarabati baadhi ya jabia na kujenga nyingine. Ukame ukizidi hugawa maji, na katika baadhi ya visiwa imeleta mitambo ya kuondoa chumvi.

Kwa hayo tunashukuru, kwani asiyeshukuru watu hamshukuru Mola wake. Lakini maji ya kugawa hukata kiu ya siku chache tu. Mtambo hutaka umeme, fundi na vipuri kila mwaka, na jabia hutaka kufagiliwa na kuzibwa nyufa. Katiba ya 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na huduma hiyo imewekwa mikononi mwa kaunti. Basi tuulize bajeti ya matengenezo kama tunavyouliza ya ujenzi, na tudai vilima vya Shela visiguswe.

Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakifanya wakfu kwa Waislamu. Wakfu hauishi bila mwangalizi. Kina mama, ambao ndio wabebao madumu, wanastahiki viti katika kamati za maji. Wao hujua ladha ya chumvi inapoanza kuingia kisimani. Na kabla masika hayajafika, kila mtaa ufagie jabia yake.