Walioandika Tulichokibeba Kichwani

Kizazi changu cha mafundi wa kompyuta hapa Tanzania kilichelewa kuanza. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya Hazina kutumia fedha nyingi kwenye mitambo ambayo haikuleta tija iliyotarajiwa. Marufuku hiyo ilipolegea, wenzetu wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kuzizoea. Sisi tulizipokea kwa wingi miaka ya tisini, zikiwa ndani ya maboksi, na kitabu cha maelekezo ndiye alikuwa mwalimu.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Programu ya uhasibu ikibadilika, unachukua mkoba wako, unazunguka meza kwa meza, ghorofa kwa ghorofa, kisha unapanda basi la mikoani. Windows 95 ya flopi ilikuja na flopi 13, na kila moja iliingizwa kwa zamu yake huku karani amesimama pembeni akiuliza atarudishiwa kiti chake saa ngapi. Flopi ya katikati ikiwa imeingia vumbi, unaanza upya. Tulizijua mashine kwa tabia zake: ile ya masijala inayochelewa kuwaka asubuhi ya baridi, ile ya mapokezi ambayo kipanya chake hakitaki mtu wa mkono wa kushoto. Na tuliwajua wenyewe waliozikalia.

Leo kijana wa kitengo cha TEHAMA makao makuu anabadilisha programu kwenye kompyuta elfu kadhaa kabla ya chai ya saa nne. Hainuki kitini. Nawasikia wastaafu wenzangu wakiwasema vibaya vijana hawa, kwamba hawajui hata kufungua boksi la mashine, kwamba wamezoea vya mteremko. Mimi sikubaliani nao, na nataka nieleze kwa nini.

Kitengoni kwetu alikuwapo mzee mmoja, fundi hodari kuliko sote. Mipangilio ya mtandao, nywila za seva, hila za kila printa, vyote alivihifadhi kichwani, na vilivyozidi aliviandika kwenye kaunta buku ambalo hakuna mwingine aliyeweza kusoma mwandiko wake. Tulimheshimu kwa hilo. Alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani, tukamsindikiza. Mwezi uliofuata hati za mishahara hazikuchapika, kwa kuwa printa ile ilitegemea mpangilio aliouweka kwa mkono miaka mingi nyuma. Ikabidi gari ya ofisi imfuate nyumbani kwake Mbagala. Alikuja kwa moyo mweupe, akairekebisha kwa muda mfupi, na wafanyakazi wakampigia makofi. Hakuna aliyemwomba aandike alichokifanya. Ndivyo tulivyokuwa: ujuzi ulikuwa mali ya mtu, na mtu akiondoka huondoka nao.

Hivi karibuni niliketi na binti mmoja anayesimamia seva na kompyuta za taasisi yenye matawi mengi. Alinifungulia faili la maandishi ya kawaida tu. Ndani yake kumeelezwa kila aina ya kompyuta inavyopaswa kuwa: ya dirishani iwe na programu hizi, toleo hili, bandari ya flashi iwe imefungwa, ya mhasibu iwe na zile. Kila mstari una jina la aliyeuweka, tarehe, na sababu. Mstari mmoja ulikuwa na maelezo kwamba usiondolewe, kwa kuwa mashine za tawi la Bukoba bado zinatumia printa za zamani. Niliusoma mara mbili. Yule mzee wetu wa kaunta buku angekuwa ameandika hivyo, tusingemsumbua katika uzee wake.

Safari ya kufika hapo haikuwa ya siku moja. Katikati ya miaka ya tisini huko New Zealand, Murray Haszard alitengeneza Ghost, programu ya kunakili diski nzima ya kompyuta moja na kuipandikiza kwenye nyingine. Tulipoipata tulidhani kutembea kumekwisha. Unatayarisha mashine moja vizuri, unaizalisha mara hamsini. Lakini siku ya pili tu hamsini zile zinaanza kutofautiana. Huyu kaongeza programu, yule kafuta faili, ya tatu imeingiwa na kirusi. Nakala hukupa mwanzo mmoja, haikuhakikishii kesho. Microsoft nao walikuwa wametoa chombo chao cha kusambaza programu kwenye mtandao wa ofisi mwaka 1994, na taasisi kubwa zikakitumia. Kwetu wachache ndio waliokuwa na mtandao wa kukibeba.

Wazo lililobadilisha kazi hii lilitoka Norway mwaka 1993. Mwanafizikia Mark Burgess, akifanya utafiti Chuo Kikuu cha Oslo, alikuwa na kompyuta za aina tofauti, kila moja ikihitaji amri zake. Akatengeneza CFEngine. Badala ya kuipa mashine orodha ya amri, unaieleza hali unayotaka iwe nayo. Yenyewe hujikagua kila baada ya muda na kurekebisha kilichopotoka. Ukimwambia mtoto atie kijiko cha chumvi kila apitapo jikoni, mchuzi hautalika. Ukimwambia chumvi ikolee, ataonja kwanza, na ikiwa imekolea ataondoka. Luke Kanies alilifuata wazo hilo mwaka 2005 kwa Puppet, na mwaka 2012 Michael DeHaan akaleta Ansible, ambayo vijana wengi wa hapa wanaipenda kwa kuwa haidai kupandikiza programu yoyote maalumu kwenye seva inayosimamiwa.

Kwa hiyo ninapowatetea vijana, siutetei uvivu. Mkono wa binadamu una madhara yake, hasa mkono uliochoka. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikiuza na kununua hisa, ilifungua siku ikiwa na programu mpya. Programu hiyo ilipaswa kuwekwa kwenye seva nane. Fundi aliiweka kwenye saba, na hakuna mwenzake aliyehakiki. Seva ya nane ikabaki na programu ya zamani, ikaanza kutuma oda za ovyo sokoni. Kwa dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460, na haikupata tena kusimama kwa miguu yake. Kila aliyewahi kuzunguka ofisi na mkoba anaijua seva ile ya nane. Ni ile ya chumba ambacho mwenye ufunguo alikuwa likizo.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha, na nalisema kwa sababu nawapenda.

Sisi tulipokosea, kosa lilikwenda kwa mwendo wetu. Ukiweka programu mbovu kwenye mashine ya kwanza, karani angepiga kelele kabla hujafika ya pili. Miguu yetu, bila sisi kukusudia, ilikuwa ulinzi. Kosa la leo halina miguu. Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, amri ya kufuta diski na kuweka Windows upya ilitumwa kimakosa kwa kompyuta zote za Windows zilizokuwa chini ya mfumo wa usimamizi. Mafundi walipogundua, seva iliyotuma amri ile nayo ilikuwa imekwisha kujifuta.

Na Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 sote tulishuhudia. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la ulinzi kwa wateja wake dunia nzima kwa mkupuo. Faili lilikuwa na hitilafu. Lilirudishwa baada ya dakika 78, lakini kompyuta milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilikuwa zimeangukia skrini ya buluu. Mashine isiyowaka haipokei marekebisho kutoka mbali. Ikabidi watu wainuke. Katika viwanja vya ndege, hospitali na benki, fundi alilazimika kukaa mbele ya kila mashine, kuiwasha katika hali ya usalama na kufuta faili lile kwa mkono. Ambako diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, alipaswa kwanza kuingiza ufunguo wa tarakimu 48, na zipo taasisi ambazo funguo hizo zilihifadhiwa kwenye seva zilizoanguka pamoja na nyingine.

Wengi walikuwa wameweka utaratibu mzuri wa kujaribu matoleo mapya kwenye kundi dogo kwanza. Haukuwasaidia, maana utaratibu huo uligusa programu yenyewe, haukugusa mafaili madogo ya kila siku, na hayo msambazaji aliyatuma kwa wote pamoja. Baadaye kampuni ikasema itayatuma kwa awamu. Huo ndio mwendo wetu wa miguu, umerudishwa kwa makusudi: mashine chache, subiri, tazama, kisha endelea. Kijana yeyote anayetuma kitu kwa mashine zote kwa mara moja, hata kiwe kidogo namna gani, ajue anacheza na kazi za watu.

Kuna kisa kingine ninachowasimulia vijana kila wanaponiita kuzungumza. Tarehe 27 Juni 2017, kirusi kiitwacho NotPetya kiliingia kampuni ya meli ya Maersk kupitia sasisho la programu ya uhasibu ya Ukraine, kikaenea kwa kutumia mamlaka yale yale ya wasimamizi ambayo huwezesha kuendesha maelfu ya kompyuta kutoka sehemu moja. Seva zilizohifadhi utambulisho wa watumiaji na mashine zote, ambazo zilikuwa zikinakiliana, ziliangamia karibu zote. Ilisalimika moja tu, Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika pale na seva ilikuwa nje ya mtandao. Laini ya intaneti ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kupitisha data yote hiyo hadi Uingereza, na hakuna mfanyakazi wa ofisi ile aliyekuwa na viza ya Uingereza. Mmoja akapanda ndege na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake aliyekuwa na viza, naye akaifikisha London. Kampuni ikajenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi. Hapo nakala ya akiba iliyotengwa na mtandao ilipatikana kwa bahati. Vijana wetu waipate kwa kupanga.

Jambo la mwisho linalonisumbua ni la watu. Kuna wakati ripoti ya makao makuu ilionyesha kompyuta za tawi moja la mkoani hazipokei masasisho ya usalama kwa majuma kadhaa. Yalipangwa kushuka usiku wa manane, ili yasibanane na miamala ya mchana. Vijana walituma amri za kuziamsha mashine kupitia mtandao, kimya. Wakaandika kwamba ni mbovu, zibadilishwe. Nilipofika tawini nilikuta mashine nzima kabisa. Meneja, kwa kufuata waraka wa kubana matumizi, alikuwa amemwagiza mlinzi azime swichi za soketi zote kila jioni, isipokuwa ya friji la vinywaji. Yule mlinzi alikuwa akitimiza wajibu wake vizuri kabisa. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kompyuta zina kazi ya usiku.

Mbinu za kukabili hali zetu zipo. Kabla ya nyaya za baharini kufika mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, na sasisho kubwa likishuka tawini mtunza fedha dirishani alishindwa hata kuona salio la mteja. Sasa kompyuta moja ya tawi inaweza kuchukua sasisho mara moja na kuwagawia jirani zake ndani ya jengo. Lakini uamuzi wa kutumia mbinu hiyo, na mashine gani iachwe inawaka, unahitaji mtu anayelijua jengo lenyewe.

Ndiyo maana nazishauri taasisi zinazoniuliza hivi: kijana asipewe mamlaka ya kutuma kitu kwa kompyuta zote kabla hajafanya kazi tawini, miezi mitatu angalau, akiketi na makarani, akipokea simu za malalamiko, akijua mlango upi unafungwa saa ngapi na nani. Ningeanza na matawi ya mbali zaidi, Kigoma, Sumbawanga, Songea, kwa kuwa huko hitilafu ya asubuhi mara nyingi hupata fundi kesho yake, na foleni ya wastaafu wanaofuata pensheni huwa imekwisha kufika mlangoni kabla ya saa mbili.