Mama Ni Wetu, Lakini Kwenye Fomu Hayumo



Sisi ni mafundi cherehani. Tunashona magauni ya harusi, mabaibui na nguo za Idi, na kila mwaka hawakosekani mabibi harusi wawili watatu wanaovaa kazi ya mikono yetu kisha wakapanda ndege kuwafuata waume zao ng'ambo. Somo huwafunda mengi: udi, singo, mapishi, namna ya kumpokea mume na kustahi wakwe. La ritani ya kodi hakuna anayelifunda. Hatumlaumu somo. Hapa kwetu mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kodi ya mapato kwa mauzo yake ya mwaka, wala haulizwi ana watoto wangapi na nani anawashika yeye akiwa kazini. Uwe na mmoja au sita, hesabu ni ile ile.

Marekani si hivyo. Kule fomu inaingia mpaka chumba cha watoto. Inauliza nani anakaa kwako, ana umri gani, amekaa kwako muda gani kwa mwaka, na yule uliyemlipa akulelee jina lake nani.

Tumeyajua haya kwa ajili ya mdogo wetu wa mwisho. Aliolewa akaenda Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Mumewe ni dereva wa magari ya mizigo, yeye anafanya kazi ghalani na ana watoto wawili, wa miaka mitano na mitatu. Ikifika mwezi wa pili, simu haikatiki. Sisi wa dukani ndio tuliozoea kushika daftari la hesabu, basi tunakaa naye kwenye simu, yeye na karatasi zake kule, sisi na kalamu huku. Elimu yetu ni kidato cha nne na kozi ya ushoni, lakini risiti ni risiti popote, na maelekezo ya fomu yanasomeka ukitulia.

Mwaka huu wa 2026 msimu wa ritani umeangukia Ramadhani, na Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa halioni tena tundu la sindano. Fedha za kumfanyia operesheni tulikuwa tunazitazamia kwenye marejesho ya kodi ya mdogo wetu. Ndipo zikaja sauti mbili.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya wifi yake, anayeishi mji mwingine huko huko Marekani. Wifi hakufanya kazi mwaka mzima wa 2025, na ana watoto wanne. Akasema: "Chukua mmoja wa wanangu umuandike kwako. Zikirudi tugawane nusu kwa nusu." Kwa mapato ya 2025, nafuu ya kodi kwa mtoto aliye chini ya miaka 17 ni hadi dola 2,200. Nusu yake ni dola 1,100.

Sauti ya pili ilikuwa ya mtayarishaji wa ritani aliyemwendea. Alimuuliza: "Si unamtumia mama yako pesa kila mwezi? Basi huyo ni mtegemezi wako. Tutamuombea namba." Mtegemezi asiye mtoto mdogo ana nafuu ya hadi dola 500. Jumla ingekuwa dola 1,600, na hizo zingelitosha jicho la Mama na nauli zake za hospitali zote.

Dada zetu, kwa lugha ya nyumbani maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. Kwetu mtoto wa wifi ni mwanao, anakula kwako na unamtia adabu. Na Mama anatutegemea, nani atakataa? Dawa zake, mchele wake, umeme wake, vyote ni mikono ya wanawe. Ndiyo maana mtego huu unanasa wanawake wazuri. Hawaoni kama wanasema uongo.

Lakini neno mtegemezi kwenye fomu ya Marekani si neno letu. Ndugu unayemuandika lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au awe anaishi Kanada au Meksiko. Mama yupo Unguja. Ungemtumia mshahara wako wote, sheria ile haimhesabu. Na mtoto, awe wako, wa kambo au wa ndugu, lazima awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka. Mtoto wa wifi alilala kwa mama yake usiku wote wa mwaka. Zaidi ya hayo, mtoto mmoja haandikwi kwenye ritani mbili. Ukigundulika, unarejesha fedha pamoja na riba na faini, na unaweza kuzuiwa kudai nafuu hizi kwa miaka miwili kwa kupuuza kanuni makusudi, au miaka kumi ikithibitika ni udanganyifu.

Mdogo wetu alituuliza sisi, kwa sababu mumewe alishasema ndiyo. Ni dada yake, naye aliona kumkataa ni kumvunjia heshima. Tulikuwa tumekaa barazani baada ya tarawehe, simu katikati yetu. Tulimwambia tulichokijua. Chini ya ritani kuna saini, na saini ile ni tamko unalolitoa huku ukikubali adhabu ya kusema uongo. Huo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo katika dini yetu si dhambi ndogo. Suratul Ahzab imetufunza kumnasibisha mtoto na baba yake, hata yule tuliyemlea kwa mapenzi yote. Mtoto hakopeshwi kama kanga ya kwendea harusini.

Kisha tukamwambia la dunia. Wakijaza ritani ya pamoja, mke na mume wanatia saini wote wawili, na kila mmoja anabeba ritani nzima. Mume akiandika la uongo, ofisi ya kodi inaweza kumdai mke deni lote. Katika dini chumo la mke ni lake na matumizi ya nyumba ni ya mume. Kwenye fomu ile, deni ni la wote.

Mama tulimueleza mwenyewe, maana jicho lilikuwa lake. Alicheka. "Mimi niandikeni kwenye dua," alisema. "Hiyo karatasi haijawahi kunipikia uji."

Shemeji yetu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimwambia mkewe wajaze watoto wao wawili tu.

Sasa tuje kwenye kilicho haki yake, kwa sababu kukataa haramu bila kuuliza halali yako ni nusu ya kazi. Watoto wale wawili wana namba za Social Security, na wazazi pia. Sheria sasa inataka mtoto awe nayo na walau mzazi mmoja kwenye ritani ya pamoja awe nayo. Hapo ni dola 2,200 kwa kila mtoto.

Lipo na la malezi. Mdogo wetu humlipa mama mmoja jirani dola 150 kwa wiki ili awashike watoto nyumbani kwake, na kwa wiki 48 za mwaka ule zilifika dola 7,200. Nafuu ya gharama za malezi inadaiwa kwa fomu 2441. Ni kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, na malezi yawe ni ya kukuwezesha kufanya kazi au kutafuta kazi. Kwa mapato ya 2025 gharama zinazohesabiwa mwisho wake ni dola 3,000 kwa mtoto mmoja na 6,000 kwa wawili au zaidi, na unachopata ni kati ya asilimia 20 na 35 kufuatana na kipato. Kipato cha nyumba yao kimezidi dola 43,000, basi fungu lao ni asilimia 20. Asilimia 20 ya 6,000 ni dola 1,200. Zinakatwa kwenye kodi yenyewe, ila hii haizidi kodi unayodaiwa. Kwa mapato ya 2026 asilimia ya juu imepandishwa hadi 50.

Miaka iliyopita hakuwahi kuidai, kwa sababu fomu inataka jina, anwani na namba ya kodi ya mlezi, na jirani yule hakutaka kutoa namba. Alikuwa anapokea taslimu na akiogopa. Safari hii mdogo wetu alikwenda na futari, akakaa naye, akamuonyesha daftari: tarehe, kiasi na saini ya kila Ijumaa. Akamueleza kwamba anayejiajiri, faida yake ikifika dola 400 kwa mwaka, anatakiwa kujaza ritani yake mwenyewe. Yule mama aliomba siku tatu. Alirudi na namba, na pia na bei mpya: kuanzia sasa dola 165 kwa wiki, maana na yeye atalipa kodi. Mdogo wetu alikubali. Ni haki yake, na kwa miaka yote ile amewalea watoto vizuri.

Dola 1,200 za halali si dola 1,600. Zilizobaki tulizitoa sisi kwenye nguo za Idi, na tulishona mpaka usiku wa kuandama mwezi. Mama amefanyiwa operesheni wiki ya pili baada ya Idi, alhamdulillah, na sasa anatukosoa mishono. Wifi mpaka leo hajapiga simu. Hilo linatuuma, na tunamuombea.

Kwa bi harusi unayejiandaa kwenda Marekani, tunakuachia haya tuliyoyashika.

Cheti cha ndoa kichukue kilichosajiliwa, na nakala zake. Ndoa iliyofungwa hapa kwa mujibu wa sheria hutambuliwa kule. Lakini nikahi inayofungwa kule sebuleni bila kibali cha serikali, katika majimbo mengi haikufanyi mke mbele ya kodi, hata kama mbele ya Mungu umeolewa. Na fomu ina nafasi ya mke mmoja tu. Uliza mapema.

Kama hufanyi kazi, nafuu ya malezi haipo, kwa sababu huhesabiwa kwa kipato cha aliyepata kidogo kati yenu. Ukishona ukapata faida ya dola 2,000 kwa mwaka, gharama zenu zinazohesabiwa haziwezi kuzidi 2,000. Mwanafunzi wa muda wote ana hesabu yake: huchukuliwa kama amepata dola 250 kwa mwezi ikiwa mtoto ni mmoja, na 500 ikiwa ni wawili au zaidi.

Bibi akija kushika mtoto mchanga, ni baraka, lakini asiyelipwa haandikwi gharama. Aliyeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi ya malipo, basi msimuingize kwenye fomu. Yaya anayekuja kufanya kazi nyumbani kwako naye ana kanuni zake: ukimlipa dola 2,800 au zaidi kwa mwaka wa 2025, wewe unakuwa muajiri na una kodi za kumlipia.

Mtoto akizaliwa tarehe 31 Desemba, hata saa tano za usiku, anahesabiwa mwaka mzima. Fuatilia namba yake mapema.

Ikitokea talaka, Mwenyezi Mungu atuepushe, mtoto ni wa mzazi anayelala kwake usiku mwingi zaidi. Baba hawezi kumuandika mpaka mama atie saini fomu 8332. Usiitie saini kwa hasira wala kwa kubembelezwa. Na hata ukiitia, nafuu ya malezi hubaki kwa anayekaa na mtoto.

Anayekujazia ritani kwa malipo lazima atie saini yake na namba yake. Akikataa kutia saini, ondoka na karatasi zako. Wenye kipato cha kawaida wana msaada wa bure wa VITA, watu wa kujitolea wanaopatikana mara nyingi kwenye maktaba na vituo vya jamii. Siku ya mwisho ni tarehe 15 Aprili.

Na daftari, dada zetu. Nunua daftari siku unayomlipa mlezi kwa mara ya kwanza.

Mama wa kila mmoja wetu ameandikwa pahala pake. Kumtumia fedha ni ibada, wala haipungui thawabu kwa kutorejeshewa na serikali. Tuwatumie, tuwaombee, na karatasi tuiandikie kilicho kweli.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali yenye baraka, awape mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu, na awape afya mama zetu. Amin.

Wassalamu alaykum.