Jina la Vita: Wanawake wa Kusini-Mashariki mwa Nigeria, 1929

Katika ukurasa wa mwisho wa Things Fall Apart (1958), riwaya ya Chinua Achebe ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, Mkuu wa Wilaya anatafakari kitabu anachokusudia kukiandika. Maisha ya Okonkwo, ambayo msomaji ameyafuata kwa sura ishirini na tano, yatatengewa aya moja. Aghalabu kejeli hii husomwa kama ubunifu mtupu. Yamkini ni ya upole ikilinganishwa na yale ambayo watawala wa Kiingereza waliyaandika kwa hakika katika nchi hiyohiyo.

Ikumbukwe kwamba jamii nyingi za Waigbo hazikuwa na wafalme. Waingereza, ambao hawakuweza kutawala bila ya chifu, waliwaunda machifu kwa karatasi: mtu alipewa hati na kofia, akawa mtawala. Mfumo huo ulikuwapo kabla ya Frederick Lugard, ila yeye, baada ya kuziunganisha Nigeria ya Kaskazini na ya Kusini mwaka 1914, aliupa nguvu zaidi akitaka kusini kufanane na kaskazini kwenye maemiri. Machifu wa hati walihukumu kesi, wakakusanya watu wa kazi za barabara, na wengi wao wakajitajirisha. Mwaka 1928 wanaume wa majimbo hayo walianza kutozwa kodi, baada ya kuwa wamehesabiwa.

Kwa hiyo, Novemba 1929, mjumbe wa Chifu Okugo wa Oloko alipofika kwa Nwanyeruwa akitaka kuhesabu watu na mifugo, mwanamke huyo, aliyekuwa akikamua mafuta ya mawese, alielewa upesi hesabu ile ilikuwa inaelekea wapi. Alimjibu kwa kumuuliza iwapo mama yake mwenyewe alikuwa amehesabiwa. Wakashikana. Habari ikaenea kwa makuti ya michikichi yaliyopitishwa kutoka kijiji hadi kijiji, na maelfu ya wanawake wakakusanyika kwa Okugo wakiidai kofia yake. Waliipata.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi simulizi ana la kusema. Wanawake wa Kiigbo walikuwa na desturi ya kumwadhibu mwanamume mkosaji kwa 'kumkalia': walikwenda nyumbani kwake, wakacheza na kuimba nyimbo zilizotaja makosa yake moja baada ya jingine, wakigonga kuta kwa michi, hadi alipokiri. Huu ulikuwa utendaji wenye kanuni zake, maleba yake na hadhira yake. Ilikuwa mahakama iliyoimbwa. Maofisa walioutazama mwaka 1929 waliona wazimu wa umati. Desemba, huko Opobo na Utu Etim Ekpo, askari waliufyatulia risasi. Kwa jumla zaidi ya wanawake 50 waliuawa. Hakuna ofisa aliyeuawa.

Tume ya pili ya uchunguzi, ya mwaka 1930, iliyoongozwa na Jaji Mkuu Donald Kingdon, haikuwa na mjumbe mwanamke hata mmoja. Ilisikiliza mashahidi wengi, wanawake wakiwamo, na kumbukumbu zake ni hazina ambayo mwanahistoria hawezi kuikwepa. Lakini maneno yaliyomo humo yalipita kinywani mwa mkalimani na mkononi mwa karani kabla ya kufika ukurasani. Wimbo ukawa jibu la swali la wakili. Anayenukuu ushahidi huo kana kwamba anasikia sauti yenyewe ya mwanamke wa Oloko anasahau kwamba anasoma tafsiri, tena tafsiri iliyofanywa mbele ya serikali iliyokuwa imeua.

Ripoti iliyaita hayo 'machafuko'. Vitabu vya historia vikayaita Ghasia za Aba. Mwaka 1972 Judith Van Allen alionyesha kwamba jina hilo linawafuta watendaji: Aba ni mji mmoja tu, na neno ghasia linaondoa mpango, uongozi na shabaha. Waigbo husema Ogu Umunwanyi, Vita vya Wanawake. Kiswahili, kwa bahati njema, hakina haja ya kusitasita hapa. Yale ambayo Wajerumani na Waingereza waliyaita uasi, msemaji wa Kiswahili ameyaita tangu hapo Vita vya Maji Maji.

Hata hivyo, marekebisho hayo nayo yana upogo wake. Wengi wa waliouawa Opobo na Utu Etim Ekpo hawakuwa Waigbo. Walikuwamo Waibibio, Waandoni na Waogoni. Waibibio huviita vita hivyo Ekong Iban, na mhakiki anayetosheka na jina la Kiigbo pekee atakuwa ameyaacha maiti ya Opobo mahali palepale ambapo ripoti iliyaacha.